Siku Nilipomtambua Mjomba Bakari kwa Sikio

Harufu ya ngozi ya mbuzi inayopashwa moto hainipiti. Juma lililopita vijana wa jirani walikuwa wakitayarisha ngoma zao za harusi juu ya makaa, na harufu ile ikapanda hadi dirishani kwangu, ya nywele zilizoungua na mafuta ya zamani. Mjukuu wangu aliziba pua. Mimi niliuweka chini mchele niliokuwa nikiuchagua, na sikuugusa tena mpaka adhana ya adhuhuri.

Ngozi niliyoikumbuka haikuwa ya ngoma, ilikuwa ya kibangala. Ninyi wa leo huenda mmekisikia kwa jina tu. Ni chombo cha nyuzi kilichochongwa katika gogo moja, shingo na tumbo pamoja, na tumbo limewambwa ngozi. Mpigaji hukipakata, mkono wa kulia ukizikwaruza nyuzi kwa unyoya, wa kushoto ukizibana juu ya shingo. Hewa yetu ya pwani huilegeza ngozi, kwa hiyo kabla ya kuanza ilibidi ipashwe moto kwanza. Nilipokuwa mtoto, miaka michache kabla ya Wazungu kupigana vita vyao vikubwa vya kwanza, mtu wa Lamu aliyetaka harusi yake itajwe hakuridhika na wapigaji wa mjini. Aliagiza wa kisiwa cha Pate.

Walikuwa watatu. Bwana Shee wa Faza alipiga kwa nguvu, kila mlio umesimama peke yake, na siku zote alianza kabla wenzake hawajawa tayari. Bwana Omari wa Siyu alichelewa kwa makusudi, akakuacha unasubiri mpaka ukakata tamaa, ndipo akakupa. Wa tatu alikuwa Bwana Bakari wa Kizingitini, ndugu wa mama yangu tumbo moja, na yeye ndiye niliyempenda. Mwisho wa kila ubeti alikuwa akiuvuta uzi mwembamba kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mlio ukapanda kidogo, ukasita, ukarudi. Mtoto anayekataa kushushwa mgongoni hulia hivyo.

Nawaambia mapema ili msije mkanipenda bure: sikio langu hili lilimharibia mjomba wangu maisha, na likamvunjia ndoa binti yake. Nilikuwa na miaka tisa. Naomba mnisikilize kwanza, kisha mnihukumu.

Sisi wanawake hatukuwaona wakipiga. Wanaume walikaa uani, nasi tulikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia zito, joto limejaa, watoto wanalia, udi unafuka. Kwa hiyo wapigaji tuliwajua kwa sauti za nyuzi zao kama mnavyomjua mtu kwa kikohozi chake. Palikuwa na mchezo. Wapigaji walipiga mmoja mmoja bila kusema neno, na ndani tukataja jina. Aliyepata alivikwa kikuba, kishada cha maua ya asumini na mkadi, kifuani mbele ya wenzake. Nilikuwa nimeshawashinda wanawake wazima mara tatu, na nilijiona nimefika. Mama alinionya kuwa mtoto wa kike mwenye kiherehere huchosha watu. Sikumsikia, maana masikio yangu yalikuwa na kazi nyingine.

Siku hiyo ilikuwa harusi ya watu wa mtaa wa Mkomani, baada ya swala ya alasiri. Kulia kwangu alikaa Mwanaidi, binti wa pekee wa mjomba Bakari, mwenye miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa amefariki. Posa yake ilikuwa imeshakubaliwa, na nikaha ilikuwa baada ya Ramadhani, ilikuwa imebaki chini ya miezi miwili. Mbele yetu alikaa Bi Maryamu, mama wa kijana aliyemposa. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye maneno machache, na watu walijua kuwa aliwahi kumuuguza kaka yake miaka mingi mpaka akafa. Alikuwa akimshika Mwanaidi mkono na kuuweka mapajani mwake, kwa furaha ya mtu anayengoja mkwe.

Kibangala cha kwanza kikalia. Mwisho wa ubeti ule mlio ukapanda, ukasita, ukarudi.

"Huyo ndiye Bakari," akasema Bi Maryamu. "Mkwe wangu simkosi."

"Siye," nikasema. "Huyo ni Bwana Shee, amwiga mjomba."

Wanawake wakacheka. Mmoja akalisogelea pazia akauliza, "Ni nani hapo?" Nje kibangala kikawekwa chini. Kisha sauti ya Bwana Shee ikajibu, bila kicheko, kwamba ni yeye. Nikavikwa kikuba changu. Mama hakunitazama.

Kikalia cha pili. Hapo ningeweza kusema jina tu nikanyamaza. Lakini sifa ilikuwa imenipanda kichwani, nikataka wajue kwamba nasikia na yasiyosikika.

"Huyu sasa ndiye mjomba," nikasema kwa sauti. "Lakini chanda chake cha mwisho hakipigi. Tangu mwezi wa Rajabu hakipigi."

Bi Maryamu akageuka. "Cha mkono upi, mwanangu?"

"Wa kushoto."

"Na cha pili yake?"

Nikasikiliza. Nilisikiliza kwa makini kweli, nikafumba macho, maana nilitaka nimjibu sawasawa. "Nacho chalegea," nikasema.

"Nyamaa, Esha!" Mama akanifinya paja, kucha zikaingia. Nilidhani ananiadhibu kwa majivuno. Nikamchukia siku nzima.

Bi Maryamu hakuuliza tena. Aliurudisha mkono wa Mwanaidi taratibu mapajani mwa Mwanaidi mwenyewe, akajisogeza kidogo, nafasi ya mtu mmoja. Kisha akamwita nduguye wa kiume mlangoni akamnong'oneza, naye akaenda uani kwa wazee. Nilikuwa nimekaa karibu na ukingo wa pazia ambapo kitambaa hakikufika ukutani, na kupitia hapo niliona yote yaliyofuata.

Chakula kikaletwa uani. Wanaume walikaa wanne wanne kuzunguka masinia ya wali, na kijana akapita na birika na beseni kuwanawisha. Mjomba alinawa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefichwa ndani ya kanzu, kama ulivyokuwa umefichwa tangu Rajabu kila alipokuja kwetu, nami sikuwahi kujiuliza.

"Na wa kushoto, Bwana Bakari," akasema mzee mmoja wa nyumba ile, kwa adabu.

Mjomba akacheka. "Mimi hula kwa mkono mmoya, bwana."

"Tafadhali."

Akautoa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjamana kuelekea kiganjani, na maji yalipomiminwa juu yake havikukunjuka. Ukingoni mwa kiganja palikuwa na kidonda kibichi cha moto, nyama imetokeza. Alikuwa ameunguzwa na makaa mchana ule alipokuwa akiipasha ngozi ya kibangala chake, na hakusikia. Kila mtu mzima pale alijua ni ugonjwa gani unaomfanya mtu aungue asisikie. Hakuna aliyelitaja neno ukoma.

Hakuna aliyepiga kelele wala kumtukana. Mara nyingine natamani wangemtukana. Mzee yule akasema tu, kwa sauti ileile ya adabu, "Mleteeni Bwana Bakari sahani yake."

Ikaletwa sahani, ikawekwa mbele yake, peke yake, na wale watatu wa sinia lake wakajibana upande wa pili. Katika maisha yangu sijaona kitu kidogo kama sahani ile kikimshusha mtu kiasi kile. Uso wake ulikuwa uking'aa kwa jasho. Bwana Shee akainuka kwenye sinia lake, akaja akakaa mbele ya mjomba, akanyoosha mkono ale naye. Mjomba akaivuta sahani kwake, isifikiwe. Bwana Shee akabaki na mkono hewani, mbele ya watu wote, na bado hakuinuka.

Mwanaidi alikuwa ameshika bega langu, naye akiangalia kwa ufa uleule. Niliona tu kwamba mkono wake ulikuwa mzito na wa baridi, nikauondoa kwa sababu ulikuwa ukikiponda kikuba changu.

Kabla ya wiki kwisha, wazee wawili walikuja kwa baba yangu, aliyekuwa amempokelea mjomba posa. Wakanywa kahawa, wakauliza hali, kisha wakasema kuwa upande wa kijana walikuwa wameswali istikhara, kumwomba Mungu awaonyeshe lililo jema, na haikutoka vizuri. Hivyo ndivyo posa ilivyorudishwa mjini kwetu bila mtu kuvunjiwa heshima, na hivyo ndivyo ya Mwanaidi ilivyorudishwa. Hakuposwa tena. Mjomba alirudi Kizingitini, akajengewa kibanda nyuma ya minazi, mbali na kisima cha watu. Jamaa walimkataza Mwanaidi kumfuata. Alimfuata. Alimpikia na kumfunga vidonda miaka saba, mpaka akamzika. Bwana Shee alikuwa akija kutoka Faza kila Ijumaa baada ya swala, akakaa nje ya mlango na kumpigia. Bwana Omari alikuja mara moja, akalia, hakurudi tena. Simlaumu.

Mimi nilikua bila kuunganisha mambo haya. Niliambiwa mjomba anaumwa, basi. Mama ndiye aliyenieleza, nami nikiwa mwari ninayetayarishwa kwa harusi yangu mwenyewe. Alisema wapigaji wote watatu walijua, naye pia alijua, na kwamba kaka wa Bi Maryamu alikufa kwa ugonjwa uleule. Bwana Shee alikuwa amejifunza ule mlio wa mjomba kwa siri, mwezi mzima, Faza, ili kwenye harusi aupige yeye kwa zamu ya mjomba, mjomba apige kwa zamu yake, na watu waendelee kumsikia Bakari waliyemzoea. Walitaka muda ufike tu wa nikaha ya Mwanaidi. Baada ya hapo mjomba angejiondoa mwenyewe, alikuwa ameshachagua hata mahali pa kibanda. Mama aliyasema haya huku akinisuka, hakunigeuza uso, na alipomaliza akaniambia nisisogeze kichwa.

Wapo watakaosema nilifanya jema bila kujua, kwamba Bi Maryamu alikuwa na haki ya kuambiwa. Huenda. Nimejibishana nao kichwani miaka mingi, na siku nyingine hunishinda. Lakini Mwanaidi hakuwa na ugonjwa ule siku ile, na hakuupata, pamoja na kuishi nao chumba kimoja miaka saba.

Nilipopata watoto wanne na mume kunifia ndipo nilipopata ujasiri. Nilikwenda Kizingitini. Nilimkuta Mwanaidi amekaa mkekani anasuka ukili wa mikeka, mwanamke wa makamo mwenye mikono migumu. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza habari za kila mtoto kwa jina lake. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyesema kuhusu kidole. Kwa ujinga wangu nilidhani labda hakukumbuka nani alikuwa karibu naye.

"Nalijua, Esha," akasema. "Nalikuwa nimekushika bega."

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe zamani, nilikuwa mtoto, na hakuacha kusuka.

"Baba naye alijua ni wewe," akaendelea. "Alinambia siku tuliporudi huku. Alisema, 'Watu wa Lamu wamenisikiliza miaka ishirini, na yule mtoto peke yake ndiye aliyenisikia.' Akacheka. Alifurahi, Esha. Mimi nakaa mbele yake sina mume wala mahari, naye anafurahi kwamba amepata mtu wa kumsikia." Akauma ncha ya ukili, akaitema. "Wewe nimekusamehe. Hilo la baba kufurahi ndilo ninalolisomea dua mpaka leo, na bado halijanitoka."

Nilimshikia ukili akasuka mpaka alasiri ikapita. Nilikwenda kule kuomba msamaha, na msamaha nikapewa kwa urahisi. Nikarudi pia na sifa, ile ile niliyoitafuta kwa nguvu zangu zote nikiwa na miaka tisa, kutoka kwa mtu pekee ambaye sifa yake niliitaka. Hakuna kitu nilichotamani kirudi kilikotoka kama sifa ile.