Picha za Ndege na Sindano ya Bibi

Harufu ya siki ndiyo inayonirudisha. Nikifungua chupa nitie achari, mara niko Gazi, kijijini kwetu pwani, msichana wa miguu mitupu, na Baba anachomoa picha kutoka bahasha ya kaki. Picha zile zilinuka siki kwa sababu ya dawa zilizooshewa. Sisi watoto tulidhani ndege wenyewe ndio hunuka hivyo wakishaingizwa kwenye karatasi.

Baba yangu, Salimu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu na suruali barazani kwetu, na majirani waliposikia cherehani imenyamaza alasiri walijua maji ya bahari yamekupwa na fundi ameshaondoka kwenda mikokoni. Mpima ardhi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa mteja wake, alipohamishwa alimwachia kamera ya sanduku kwa shukrani. Wengine wangeiuza. Baba aliishonea mfuko wa kitambaa cha marekani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa ndege.

Kamera ile haikuweza kumvuta ndege aliye mbali. Ilibidi umsogelee mpaka karibu umsikie akipumua. Kwa hiyo Baba alijenga vibanda vidogo vya makuti, vya kutosha mtu mmoja aliyejikunja, akaviacha siku nyingi mpaka ndege wavizoee kama vichaka. Kisha huingia, akakaa humo bila hata kukohoa, huku kaa wakimpandia miguuni. Aliwapenda zaidi ndege wageni, wale wanaotujia na kaskazi na kuondoka. Zaidi ya wote aliwapenda keremkerem, wekundu kama ua la mkomamanga, ambao jioni huja makundi kwa makundi kulala kwenye mikoko ya upande wa Bodo.

Alikuwa na wenzake wawili wa ndege. Mmoja ni Bwana Kasamali, mwenye duka Msambweni, ambaye nyuma ya duka alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Mwingine ni Mwalimu Danieli, Mduruma kutoka bara ya Kwale, aliyesomesha Msambweni na kuja kwetu kwa baiskeli. Mmoja Mhindi, mmoja Mkristo, mmoja fundi wa Gazi. Ijumaa baada ya sala walikaa kwenye mkeka barazani, picha zikizunguka mkono kwa mkono. Kwa kuwa zilikuwa nyeusi na nyeupe tu, aliyepiga picha alilazimika kuzipaka rangi kwa maneno. Baba alieleza wekundu wa keremkerem mpaka mimi mwenyewe nikauona kwenye karatasi ya kijivu.

Hawakuoneana huruma. "Bwana Salimu," Mwalimu Danieli husema, akiigeuza picha juu chini, "huyu umempiga picha au umempiga jiwe?"

"Wewe yako ya juzi ilikuwa mkia mtupu," Baba humjibu. "Ndege mzima ulimwacha Kwale."

Bwana Kasamali alikuwa akicheka mpaka kofia inamwanguka.

Bibi, mama yake Baba, aliwasikiliza akiwa nyuma ya mlango. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Alikuwa mcha Mungu ambaye sijaona mfano wake. Hata kuku alimfukuza kwa kumtajia jina la Mungu. Alikuwa na kauli yake moja ambayo sote tuliizoea: "Watu huwinda wapate kitoweo. Mwanangu anawinda karatasi." Alisema hivyo huku akiwapikia wageni wale wale kahawa. Ila chini ya mzaha palikuwa na hofu. Chuoni, kwenye masomo ya Kurani, alikuwa amefunzwa kwamba mwenye kutengeneza sura ya kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho, naye hataweza. Baba alikuwa ameuliza wanavyuoni, akapata waliokataza na walioruhusu, akashika ruhusa. Picha ya mtu hakupiga kamwe, na chumba cha kusalia hakikuingia picha hata moja. Bibi alinyamaza, lakini hofu haikumtoka.

Kisha macho ya Baba yakaanza kufifia.

Yalianza na taa. Alisema anaiona imezungukwa na duara la rangi, nami nikadhani ni jambo zuri. Halafu akawa ananiita nimtungie uzi kwenye sindano. Halafu akashona mkono wa kanzu nje ndani, akaufumua kimya kimya kabla mwenyewe hajaja. Bwana Kasamali alimpeleka Mombasa kwa daktari wa macho. Waliporudi, Baba alisimama mlangoni akasema kwa upole, kama anayetoa habari za mtu mwingine, "Mama, wamesema macho yatafungika. Hakuna dawa. Alhamdulillahi kwa yote." Bibi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Baba hakulalamika. Aliomba jambo moja tu: siku ya Idi wenzake waje, naye azitandaze picha zake zote mkekani, azitazame moja moja pamoja nao kabla giza halijaingia. Alikuwa amezitunza kwenye mkebe wa biskuti uvunguni, picha pamoja na zile filamu nyeusi zilizotumika kuzitoa. Siku zote za mwezi wa Ramadhani alikuwa akiizungumza Idi ile. "Nikishaziona," aliniambia, "nitakuwa nimezifunga humu," akajigusa kifuani.

Idi ilifika. Tuliswali, tukala pilau, wageni wakaja. Baba alitoka na mkebe akiwa amevaa kanzu mpya aliyojishonea mwenyewe, mshono wake umepinda kidogo ubavuni. Alichomoa picha ya kwanza, ile ya keremkerem waliojipanga kwenye tawi kavu, akampa Bwana Kasamali bila kuitazama, kwa adabu, mgeni aanze.

Bwana Kasamali aliitazama, akaigeuzia mwangani. Akampa Mwalimu Danieli. Mwalimu akachukua ya pili, na ya tatu, akaziweka chini polepole.

"Bwana Salimu," alisema, "hizi zimekwaruzwa."

Baba alizichukua akazisogeza mpaka zikamgusa pua. Macho hayakumwonyesha kitu. Akapitisha ncha ya kidole juu ya karatasi, nikamwona kidole kinasita. Kila ndege alikuwa amekatwa shingo. Mstari mwembamba, wa sindano, ulionyooka kama uliopimwa, kati ya kichwa na kiwiliwili. Kila ndege, hata wale wadogo kama punje.

"Ni mimi," sauti ya Bibi ilitoka nyuma ya mlango. "Msimuulize mtu mwingine."

Alitokeza nusu ya uso, mtandio umemfunika. Alisema kama mtu aliyetenda jambo la heri. "Nimefunzwa kwamba sura ikiondolewa kichwa si sura tena. Nilifikiri, mwanangu amefanya nini hata Mungu amfunge macho? Sikuona kingine ila hawa. Nimewakata mmoja mmoja, Salimu, kwa sindano yako ya cherehani. Na zile nyeusi nimezitia motoni. Sasa hutadaiwa roho. Sasa macho yatarudi, inshallah."

Nilimtazama Bwana Kasamali, kwa kuwa nilijua yeye ndiye anayeweza kuzitoa picha upya, lakini bila zile filamu hata yeye hakuwa na la kufanya. Alikuwa anakunjua na kukunja pembe ya mkeka.

Baba aliinuka. Alikwenda kwa kupapasa ukuta mpaka mlangoni, akautafuta mkono wa mama yake, akaubusu. "Ahsante, Mama," alisema. "Umejichosha kwa ajili yangu." Kisha akarudi, akakaa, akasema, "Haya, Mwalimu, nisomee picha. Huyu ni nani?" Na Mwalimu Danieli, mtu wa mzaha, akawa anamsomea kwa sauti iliyokauka, na Baba akawa anampa rangi zao.

Siku chache baadaye, tukinywa chai ya asubuhi, Baba alisema, "Mama, leo naona afadhali."

Laiti mngemwona Bibi. Alisujudu pale pale jikoni. Alipika vitumbua vya sadaka, akawaita watoto wa chuo wote wasome dua. Mimi nilikimbia nyumba hata nyumba, nikiwaambia watu kwamba baba yangu amepona, na watu wakanipapasa kichwa, wakaangalia kando. Sikuelewa kwa nini hawakufurahi.

Alasiri ile Baba aliniomba nimshike mkono twende mikokoni. Tulikaa pale alipokuwa akikaa zamani. Aliinua uso kuelekea lile tawi kavu, akatabasamu.

"Wamekuja wengi leo," alisema.

Nilitazama tawi. "Baba, hakuna ndege."

Upepo ulipita kwenye majani. "Huoni hata kidogo, Baba?" nikamuuliza.

"Naona weupe tu, mwanangu. Basi wakija, nihesabie. Nataka nimpelekee Bibi habari."

Walikuja jua lilipokuwa likishuka, nami nikamhesabia wote, nikamweleza namna walivyogeuka pamoja, nani alimsukuma nani kwenye tawi. Tuliporudi alimsimulia Bibi kila kitu. Bibi alisikiliza akipembua mchele, akisema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Ikawa ndiyo ada yetu. Mimi niliona, Baba akasimulia, Bibi akashukuru. Kamera alimpa Mwalimu Danieli. Cherehani ilifunikwa shuka. Nikajifunza kutomwambia "angalia pale" mbele ya Bibi, na kumgusa kiwiko anapokaribia kizingiti.

Tuliishi hivyo mpaka Bibi akaugua ugonjwa wake wa mwisho. Nilikuwa nimeshakua, namkanda miguu, akanishika mkono. Baba alikuwa nje. Tulimsikia akimsalimia mtu barazani.

"Nambie wewe, mjukuu wangu," alisema. "Baba yako anaona?"

"Anaona, Bibi."

Alinitazama kwa muda. "Mungu akulipe kheri," alisema, akafumba macho.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulimficha. Nilijisifu hata, moyoni, kwamba mimi na Baba tuliweza kumlinda mtu mzima mwenye macho makali kama yale. Sikujiuliza ni nani aliyekuwa akiondoa kigoda njiani kila Baba anapotoka chumbani, wala kwa nini sahani yake iliwekwa daima mahali pamoja, samaki ameshatolewa miiba.

Sasa mimi ni mzee. Mwaka uliopita nilimzika shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, niliyemlea kama mwanangu. Alipokuwa hospitali, wanangu waliniambia anaendelea vizuri, anakula, ananisalimu. Niliwatazama nyuso zao, nikajua. Nikasema alhamdulillahi, nikawauliza kama wamekula. Nisingeweza kuwanyang'anya uongo ule wa huruma. Walikuwa wameubeba mzigo ule kutoka Mombasa mpaka Gazi ili wanipunguzie mimi uchungu, na jambo pekee nililoweza kuwapa ni kuupokea.

Usiku huo, baada ya sala, nilimwombea Bibi kwa namna ambayo sijapata kumwombea. Alikuwa ameishi miaka yote ile akijua kwamba sindano yake haikurudisha kitu, na kwamba ilichukua kile kilichokuwa kimebaki. Kila jioni alipembua mchele wake, akasikiliza habari za ndege kutoka kwa mtu asiyeona, akamshukuru Mungu kwa sauti ili mwanawe asikie.