Tangi la Mama Mdogo

Baba mdogo alipofariki, mkewe alibaki Mwika na mabinti wawili na kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba: migomba, mibuni iliyozeeka, na miparachichi michanga waliyoipanda pamoja. Tegemeo lake lilikuwa hiyo miparachichi. Lakini mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka juu mlimani, wakati wa kiangazi ulimfikia ukiwa tope tu.

Siku moja bwana shamba aliwapeleka akina mama wa kanisani kuona shamba linalomwagiliwa kwa matone, kule chini upande wa Moshi. Mama mdogo alirudi hana habari nyingine. Alinieleza jinsi mipira myembamba ilivyolazwa kwenye mashina ikidondosha maji kidogokidogo, na jinsi udongo katikati ya miti ulivyobaki mkavu, hauoteshi hata magugu. Alichohitaji ni tangi juu ya msingi wa saruji, pale palipoinuka nyuma ya nyumba. Binti yake mkubwa, anayeuza nguo Pasua, mjini Moshi, alikubali kumnunulia.

Nilikuwapo Jumapili baada ya ibada alipokuja kumweleza baba yangu, ambaye kwa ukubwa wake ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho kwenye ukoo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali ya maana: tangi litajazwa vipi, mipira ikiziba itazibuliwa vipi. Mama mdogo akajibu yote. Nikadhani yamekwisha.

"Shemeji, mipira sina neno nayo," baba akasema. "Ila saruji usimwage."

Hakueleza sababu, na sote tuliijua. Mjane asiye na mtoto wa kiume akijenga kitu cha kudumu kwenye kihamba, kesho mabinti zake wataleta waume zao hapo na kusema ni kwao. Mama mdogo aliinamisha kichwa, akashukuru, akamalizia chai yake.

Akajaribu kivyake. Aliokota chupa za maji za plastiki, akatoboa vifuniko kwa sindano, akazikata vitako, akazifukia kichwa chini kando ya kila shina. Zilisaidia kweli. Lakini ilibidi kuzijaza kila asubuhi kwa ndoo kutoka bomba la barabarani, na mgongo wake haukuwa tena wa msichana. Kiangazi kilichofuata ukamlaza kabisa. Binti yake akaja kumchukua.

Miti mingi ilikauka. Michache iliyosalia ilizaa vizuri mno, na nadhani hiyo ndiyo iliyomuuma baba kuliko iliyokufa. Akaniomba nimpeleke Pasua.

Tulimkuta mama mdogo barazani akichambua maparachichi ya kununua, ya kwenda kuuza. Alituamkia vizuri, akatuletea viti. Baba alizunguka sana, mvua, mifugo, wagonjwa, ndipo akamwambia arudi ajenge tangi, na kwamba saruji ataileta yeye mwenyewe.

"Shemeji," mama mdogo akasema kwa upole, "ungeniambia siku ile."

Akaendelea kuchambua. Baba akaaga, tukarudi nyumbani.

Sasa kihamba kile amekodishwa jirani, naye hupanda mahindi na maharage tu. Niliwahi kumwuliza kwa nini haoteshi miti mingine pale ilipokauka ile. Akaniambia mti ni wa mwenye shamba.