Rukiya na Siku Kumi na Nne Bila Wanja

Hakuna mwanamke wa mtaa wa Kuze, Mombasa, aliyesifiwa macho kama Rukiya binti Badawi, na sifa hizo, jamani, ndizo zilizomponza. Tangu usichana wake watu walisema ana mato malegevu, mato ya kurembua. Muhdhar, karani wa godauni huko Shimanzi, aliyaona mara moja tu dirishani, akarudi kwao akamwambia mamake posa ipelekwe kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyejiuliza kama binti mwenye macho yale anaona vizuri.

Sasa Rukiya ana miaka hamsini na minne, na kope zimeshuka hadi katikati ya mboni. Akitaka kumwona mtu huinua kidevu kama kuku anywaye maji. Kazi yake ni kupaka hina maharusi, na mwishowe alikuwa akipaka kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikishikilia kope ya jicho la kulia. Mwezi wa tatu alimpaka bi harusi wa Kibokoni, ua la mkono wa kushoto likaenda upogo mpaka karibu na kiwiko. Bi harusi akashukuru kwa adabu. Mamake akasema, "Si neno, Bi Rukiya, litafunikwa na bangili." Heri angemtukana! Rukiya alirudi nyumbani akalia kwa hasira, na kesho yake akaenda hospitali.

Daktari Abdulhalim alimtaka alete picha ya usichanani, ajue kope zilikuwa wapi zamani. Rukiya akapeleka ya harusi yake. Daktari akaitazama sana, kisha akasema ugonjwa ulikuwepo hata siku ile: msuli unaoinua kope ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na umri umezidi kuulegeza. Atapasua kidogo kwenye mkunjo wa kope, aukaze msuli, ashone.

"Kumbe miaka yote hiyo nasifiwa ugonjwa!" Rukiya akasema, akacheka mpaka daktari naye akacheka.

Muhdhar hakucheka. "Mimi n'lioa mato haya," alisema jioni hiyo, sauti juu, madirisha wazi. "Leo wataka ukatwe, urudi umenikodolea kama bundi?"

"Nataka nione."

"Si waona!"

"Naona sakafu, bwana."

"Umbo la Mungu halichezewi, Rukiya."

"Nimeshamuuliza ustadhi, kasema tiba si kubadili umbo. Na sikuombi ruhusa ya kuona. Nakuomba unisindikize tu, hospitali yataka mtu wa kutia sahihi kwamba atanipokea na kunitunza."

"Sitii!"

Asubuhi Muhdhar akachukua mkoba, maana godauni lilikuwa limemtuma Lamu kwa wiki moja, akaondoka bila kuaga.

Haya. Rukiya akabaki na masharti ya daktari. Asimeze aspirini, ile aliyozoea kuitafuna kila kichwa kikimgonga. Asikaribie mtu mwenye mafua, kwa sababu akienda na kikohozi tarehe itasogezwa, na tarehe nyingine ni baada ya miezi minane. Asitie poda wala manukato usoni. Na kubwa kuliko yote, asipake wanja siku kumi na nne, kwani chembe zake hujificha kwenye mashina ya nywele za kope, zikaja zikaingia kwenye kidonda. Siku kumi na nne! Mwanamke ambaye hajakosa wanja tangu avunje ungo, hata homa ikimlaza. Siku ya kwanza alijitazama kwenye kioo akajiona kama aliyetoka hospitali badala ya anayekwenda. Mkono ukaelekea wenyewe kwenye kidau cha wanja. Akakifungia kabatini, na ufunguo akautumbukiza ndani ya debe la mchele. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akajiambia, akafunga na mlango wa nje.

Sasa wewe niambie: mwanamke asiyepaka wanja, asiyenukia, asiyetoka nje, na mumewe kaondoka na mkoba, Mombasa hii huitwaje? Amekaa eda ya kuachwa. Hakuna jina jingine.

Malak, dadake Muhdhar, nyumba yake yatazamana na ya Rukiya, na yale maneno ya jioni alikuwa ameyasikia yote isipokuwa yale ya maana. Siku ya nne akavuka akaja, akasimama mlangoni akinusa.

"Wifi, kakangu kaondoka bila kuaga?"

"Bila kuaga."

"Nawe wanja hupaki."

"Sipaki, mpaka siku zangu zitimie. Nazihesabu moja moja."

Malak akaporomokwa na machozi. Rukiya akadhani analilia upasuaji, akampapasa bega. "Usilie, wifi. Mimi mwenyewe nimeridhia. Tena ningefanya zamani."

Maskini Malak! Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili halikuwepo wala halikuja, lakini kufikia alasiri lilikuwa limeshafika Lamu kwa simu, na Malak alimpasha kakake kwa maneno ambayo mimi siyarudii hapa.

Kesho yake Muhdhar akaingia, kofia upande, jasho likimchuruzika. "N'mekuacha lini mimi?"

"Kuniacha?"

"Kuze nzima yasema uko edani! Nimeitwa dhalimu tangu kituo cha basi!"

Rukiya akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Hii ni eda ya daktari, bwana!"

"Mimi sioni cha kuchekesha. Paka wanja, utoke nje wakuone, yaishe."

"Sipaki."

"Kwa ajili yangu."

"Hata kwa ajili yako. Zimebaki siku tisa. Nikipaka leo, narudishwa nyumbani miezi minane mingine, na kazi yangu ndiyo imekwisha hivyo." Hapo alikuwa hacheki tena. "Wataka watu wajue hukuniacha? Fuatana nami hospitali siku ya kupimwa kabla ya kupasuliwa. Tupite njia kuu, mchana kweupe."

Muhdhar alinuna siku nane kamili. Lakini heshima ni heshima. Siku ya kumi na tatu alivaa kanzu ya Idi, shati jipya juu yake, wala usiniulize kwa nini, akamshika mkewe mkono, wakaipita Kuze nzima huku akitoa salamu hata kwa watu ambao huwa hasemezani nao.

Hospitalini muuguzi Auma alimkalisha Rukiya kwenye kiti, akaweka vidole gumba juu ya nyusi zake, akazikandamiza zisisaidie. Muhdhar alikuwa amesimama mbele yao, mikono kiunoni, kama mtu aliyeburutwa.

"Mama, usiinue kidevu. Tazama mbele tu. Unaona nini?"

"Naona vifungo vya shati la mume wangu. Cha tatu kimefunguka."

"Na juu yake?"

"Hakuna kitu."

"Uso wake huuoni?"

"Nikishika kope kwa kidole nauona, au niinue kidevu mpaka shingo iume. Hapa nje najikaza. Nyumbani nachoka, siinui tena. Mwaka wa pili huu."

Mikono ya Muhdhar ikateremka. Miaka miwili alikuwa akila naye sinia moja, akikasirika moyoni kwamba kila akimsemesha, mkewe humtazama kifuani, akidhani amechokwa. Alipiga magoti pale sakafuni, mzee wa miaka sitini na mbili, magoti yakimlia, akazidi kujishusha mpaka uso wake ukaingia mahali palipobaki wazi.

"Sasa waniona?"

"Nakuona." Rukiya akamtazama sana, paji, mashavu, ndevu. "Umezeeka, Muhdhar. Mbona hukuniambia?"

Auma akageuka, akajifanya anatafuta kalamu. Muhdhar akanyoosha mkono akaiomba, akaweka ile karatasi ya kumpokea mkewe juu ya paja, akatia sahihi bila kuinuka.