Fimbo ya Baba Katekista

Enzi zetu, sisi watoto wa Naliendele, fimbo ulijikatia mwenyewe. Baba yangu alikuwa katekista, na ukikosa alikwambia kwa upole tu, "Nenda mperani kanikatie." Ukileta kijiti chembamba alicheka, akakutuma tena. Ukirudia ujanja huo alikwenda kukata mwenyewe, na fimbo aliyoikata baba mwenyewe simwombei hata adui.

Na makosa yetu yalikuwa matamu! Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, tuliyanyonya mpaka midomo ikawasha na nguo zikawa na madoa yasiyosikia sabuni. Tulichoma korosho nyuma ya nyumba, tukala zingali moto, vidole vyeusi. Jumapili moja mimi na dada yangu Agatha tulionja uraka, pombe ya mabibo, kwenye mtungi wa mjomba, kisha tukaenda mafundisho ya komunyo. Baba akaniuliza amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Nikamjibu kwa kuimba. Siku hiyo mpera ulipungua matawi.

Lakini palikuwa na Bi Somoe, jirani yetu, Mwislamu wa swala tano. Ukimponyoka baba ukamkumbatia Bi Somoe kiunoni, fimbo iliishia hapo. "Basi, katekista, huyu nimemwombea," alisema, na baba hakuthubutu kuipitisha fimbo mbele ya kanga ya mtu mzima. Baadaye alituita, akasali nasi, akatumegea ugali wa muhogo kwa mkono wake. Tulilala tukijua yamekwisha.

Vijana wa leo, mtoto akivunja sahani anaambiwa akae kwenye kochi atafakari. Anatafakari na simu mkononi. Nacheka, ingawa sina haki ya kucheka sana.

Maana nami nilizaa mmoja, Deo. Nilijenga nyumba mtaa wa Mtawanya, ukuta mrefu na geti, nikajiona nimefika. Nilimchapa nikisema huo ndio upendo, na kwamba Mungu ndivyo anavyotaka. Padri alihubiri kuwa fimbo ya mchungaji ni ya kumwongoza kondoo, si ya kumpigia. Nikamwona padri laini. Siku Deo alipopoteza daftari la hesabu nilimchapa mpaka mkono ukachoka. Alizunguka uani akitafuta pa kukimbilia, na geti limefungwa. Fimbo ya baba niliichukua, Bi Somoe nikamwacha nje ya ukuta. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo hakulia tena mbele yangu.

Sasa yuko Mbeya na mkewe na mtoto wao. Krismasi inapita, Pasaka inapita, hawaji. Nyumba ina vyumba vinne, nalala kimoja, nabishana na redio. Upweke unauma, jamani, tusidanganyane.

Mwezi uliopita mkwe wangu alinipigia akilalamika kuwa mjukuu amempiga mwenzake shuleni. Nikamwandikia Deo ujumbe kwa Kiswahili changu cha kanisani, ambacho kumrudi mtoto ni kumtia adabu. Niliandika: "Mwanangu, usichelewe. Mrudi mapema."

Akajibu: "Mama, unataka turudi? Sikujua kama unatuhitaji."

Alidhani nawaita nyumbani. Nikakaa na simu mapajani, nikisoma jibu lake mara nyingi. Kumsahihisha kulitaka maneno machache tu, na binti wa katekista hafundishwi uongo. Lakini lile alilolielewa ndilo nililokuwa nalitaka miaka yote, nikakosa pa kulianzia. Nikaandika, "Ndiyo, rudini nyote."

Jibu lilikuja kesho yake. "Mtoto anauliza kama bibi anachapa. Nimwambieje?"

Siku tatu nimeandika na kufuta. Kusema "hachapi" ni rahisi, ila aliyekuwa akisubiri kulisikia si mjukuu peke yake.

Enzi zetu mzazi hakumwomba mtoto msamaha. Hata baba, pamoja na sala zake zote, sikuwahi kumsikia. Leo baada ya misa, nikiwa bado sijavua kitambaa kichwani, nimeandika: "Mwambie kwamba bibi alimchapa baba yake vibaya, na hakuwa sahihi. Mwambie hachapi tena."

Nimetuma. Bado hajajibu.