Steringi Hafi Kasulo

Ukifika Kasulo siku ya gulio, utamsikia Domisiana kabla hujamwona. Atakuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, kipaza sauti mkononi, kitenge kimekazwa kiunoni, anawatangazia wauza ndizi na wauza dagaa bila ubaguzi. Na sauti yenyewe, jamani! Si ya kubembelezea mtoto. Kuna mama mmoja aliwahi kumwaga debe zima la maharage kwa kushtuka, akamtukana Domisiana hadi basi, na Ijumaa yake akawa wa kwanza mlangoni.

"Ijumaa, filamu ya mapigano, natafsiri mwenyewe mwanzo hadi mwisho! Jumamosi mchana, kwa mara ya kwanza Kasulo, mchezo wa jukwaani, mubashara kutoka Mwanza! Wanaigiza kule, wewe unaona hapa! Jumapili baada ya misa, Mzee Nduwayo wa Kirushya na inanga yake! Usije ukasema hukuambiwa!"

Wiki hiyo alitangaza kwa nguvu kuliko siku zote, kwa sababu maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Domisiana hakuzaliwa Kasulo. Kwao ni Kirushya, kwenye migomba ya mama yake Francisca, aliyefiwa na mume watoto wakiwa bado wadogo. Kasulo aliletwa na ndoa. Mumewe Frednand, fundi redio, mtu wa maneno machache, alinunua projekta iliyokwisha kutumika, akapanga ghala la Mzee Anatory lililokuwa la maharage, akaingiza mabenchi na kutundika shuka jeupe ukutani. Mpaka leo mvua ikinyesha ukumbi wote unanukia maharage.

Mtafsiri wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa mjini, hodari wa maneno na hodari zaidi wa chupa. Siku moja usingizi ulimbeba katikati ya vita. Steringi anapigana, risasi zinalia, na kwenye spika mtu anakoroma. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakaanza kukasirika. Domisiana alikuwa mlangoni akiuza karanga. Akaliweka chini beseni, akapita katikati ya mabenchi, akamnyang'anya bwana yule maiki. Hakuiachia tena.

Walisema mengi. Eti mwanamke hawezi kutafsiri mapigano, eti atalia steringi akipigwa. Thubutu! Kila filamu Domisiana aliitazama asubuhi peke yake, mara ya kwanza bila sauti ili azisome nyuso, mara ya pili na sauti. Watu wakiingia, tayari anajua nani atamsaliti nani. Alitafsiri kwa Kiswahili, wazee wakikuna vichwa akachomekea Kihangaza, na wakiwepo wageni wa Nyantakara, upande wa Biharamulo, aliwatupia Kisubi chake cha kuombea maji, wakacheka wao wenyewe. Mahali palipowakuna walipiga kelele, "Rudisha nyuma!" na Frednand akarudisha. Ndivyo ukumbi ulivyozoea.

Shida ilikuja na steringi. Steringi, yule mtu mkuu wa filamu, huwa hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, nyumba imwangukie, mwisho atainuka na kujipangusa vumbi. Sasa, miezi michache nyuma, Domisiana alionyesha filamu ambayo steringi alikufa, tena akazikwa kabisa, udongo juu. Alilijua hilo tangu asubuhi akalitafsiri kama lilivyo, kwa kuwa hakuona sababu ya kuwadanganya watu wake. Loo! Ukumbi uliwaka moto.

"Umemuua wewe!" walimwambia usoni. "Tangu lini steringi akafa?"

Wakahamia na hasira zao kwa Privatus, mwenye banda la mpira ng'ambo ya barabara. Sokoni Domisiana akabatizwa jina jipya, Mama Muua Steringi. Alicheka nao mchana, na nyumbani akashindwa kumeza chakula. Ukumbi ule ndio uliokuwa maisha yake.

Ndipo Mzee Anatory, mwenye ghala, alipokuja na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Domisiana. Nimekuwa nikipita hapa siku za Ijumaa. Naona mabenchi yamekaa yenyewe."

"Ni kweli, baba."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini ghala tupu linanitia aibu mbele ya watu. Jumamosi nitakaa humo ndani nione kwa macho yangu. Nikikuta huzishiki tena nyoyo za watu, Jumatatu naleta magunia ya maharage."

Akaondoka taratibu. Domisiana akazunguka nyuma ya ukumbi, akajifunika kitenge usoni, akalia. Alipomaliza akanawa, akapanda pikipiki kwenda kutangaza.

Jumamosi watu walijaa. Wengine walivutwa na hilo neno mubashara, wengine walikuja kuona safari hii ataua nani. Hata wa Nyantakara walifika. Mzee Anatory alikaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Pembeni, ukutani, alikaa Mzee Nduwayo, aliyekuwa amewahi kufika ili Jumapili asikose misa, na inanga yake imeviringishwa kwenye kitenge.

Inanga si ngoma. Ni ubao mrefu uliochimbwa, nyuzi zimelazwa juu yake, na huyu mzee alipoipiga hakuimba, alinong'ona. Kwa hiyo kwao hupigwa ndani ya nyumba, kwa watu waliotulia, na mwenye kikohozi hujitoa mwenyewe. Domisiana alikwenda kumwomba kama inavyopasa, na kibuyu cha pombe ya ndizi, na mzee alikuwa mgumu kweli kweli. "Watu wako wanapiga miluzi," alisema. "Inanga haishindani na miluzi." Alikubali mwishoni, kwa sharti kwamba asiwekewe spika.

Mchezo ulianza. Ulikuwa wa mjane mmoja ambaye shemeji yake anataka kumfukuza kwenye shamba la marehemu. Domisiana alikaa kwenye kigoda chake karibu na shuka, akiwageuzia wazee maneno ya waigizaji kwa Kihangaza. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatafsiri kitu asichokijua mwisho wake. Kitu cha mubashara utakitazamaje asubuhi? Isitoshe, kadiri mjane alivyosema, ndivyo Domisiana alivyomsikia mama yake, Francisca. Kisha mjane akaimba wimbo wa kuwaaga wanawe, na Domisiana, aliyezoea kusoma nyuso, akausoma wake. Mama yangu, huyu atakufa, alijisemea. Wataniua nami.

Kwenye shuka, shemeji akatokea mlangoni. Akaliinua panga.

Umeme ukakatika.

Weee! Kelele iliyotoka hapo ungedhani paa limeng'oka. "Rudisha nyuma!" walipiga kelele gizani. "Rudisha pale pale kwenye panga!"

"Hii ni mubashara!" Frednand alijibu kutoka kwenye projekta yake iliyozima. "Hairudi nyuma! Kule wanaendelea!"

"Wanaendelea bila sisi?"

"Kwa hiyo ameshamuua, na sisi tuko hapa gizani?"

"Domisiana ameua tena!"

Madirisha yakafunguliwa, mwanga wa mchana ukaingia, na miluzi ikaongezeka. Domisiana akasimama mbele yao, akaita kwa sauti yake yote, ile inayomwaga maharage ya watu. Haikusikika hata benchi la pili. Mtu akapanda juu ya benchi akiigiza mjane anavyokata roho. Na pale mbele Mzee Anatory akaikamata fimbo yake, akainuka. Domisiana alimwona anainuka. Akaona magunia.

Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Nduwayo, akapiga magoti.

"Baba, nisaidie."

"Nilikuambia, mwanangu. Haishindani na miluzi."

"Sikuombi ishindane, baba. Piga tu kama uko kwako."

Mzee akafungua kitenge, akailaza inanga mapajani, akainama, akaanza. Hapo alipopiga magoti Domisiana aliisikia, na aliyekaa jirani akaisikia nusu. Huyo akamgeukia mwenzake, "Hebu nyamaza, mzee anasema nini?" Mwenzake akamnyamazisha wa nyuma yake. Kwani ukitaka kusikia mnong'ono utafanyaje? Ni kufunga mdomo na kumfunga jirani yako. Kimya kikasogea benchi hadi benchi, mpaka yule aliyepanda juu akajikuta anakufa peke yake, akashuka kwa aibu. Mzee Anatory akabaki amesimama, haendi wala harudi.

Domisiana akakaa chini, sakafuni, ubavuni mwa inanga. Akaanza kusimulia kwa sauti ya chini ambayo Kasulo haikuwahi kuisikia kwake.

"Panga liko juu. Mjane hakukimbia. Hakupiga yowe. Alikaa kizingitini, akavuta ungo wa maharage makavu, akaanza kuyapukuchua. Akasema, 'Shemeji, karibu. Wewe umekuja na panga, mimi nina maharage. Ukimaliza hilo lako, nani atakupikia? Kaa.'"

Hakuwa anatafsiri tena. Hayo aliyaona kwa macho yake huko Kirushya, akiwa nyuma ya mlango, amewaziba midomo wadogo zake wasilie. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Frednand. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Shemeji alisimama. Jua likapanda. Mkono wa panga ukachoka, akaubadilisha. Wa pili nao ukachoka. Mjane hakumtazama, anapukuchua tu. Watoto nyuma ya mlango wanasikia maganda yanavyovunjika. Basi yule mwanamume akakaa. Akaliweka panga chini. Akachukua ganda moja, akalivunja. Wakapukuchua pamoja hadi ungo ukajaa, akapikiwa, akala, akaondoka. Na shamba likabaki la mjane."

Mzee Nduwayo akauvuta uzi wa mwisho, akaufunika kwa kiganja. Mama mmoja wa Nyantakara alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Na haki ya Mungu, umeme ukarudi.

Shuka likawaka. Kule Mwanza mchezo ulikuwa umekwisha, waigizaji wamejipanga mstari mmoja mbele ya watu wao. Katikati alisimama mjane, mzima, anatabasamu. Na aliyemshika mkono ni nani? Shemeji! Wakainama pamoja, wakainuka pamoja, bado wameshikana.

Sasa, watu wa Kasulo walikuwa wamezoea filamu. Filamu ikiisha, majina yanapanda, basi. Waigizaji kusimama kuaga watu, aliyeuawa na aliyemuua bega kwa bega, ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona mle ndani. Waliona walichokiona.

"Wamepatana!"

"Panga hana! Mtazameni, panga hana!"

"Kama alivyosema! Domisiana amejuaje?"

Vigelegele vikalipuka. Mabenchi yakaanguka. Frednand, aliyeelewa zaidi kidogo kuliko wengine, alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akaufunga. Wanaume wale wale waliokuwa wakipiga miluzi walimnyanyua Domisiana juu juu, kitenge chake karibu kifunguke, naye anacheka na kulia kwa pamoja. Halafu mmoja akapaza sauti, na wote wakaitikia:

"Rudisha nyuma! Rudisha nyuma!"

Hawakuwa wanaliangalia shuka. Walikuwa wanamnyooshea kidole yeye. Ikabidi wamshushe, akae tena sakafuni, arudie tangu panga lilipoinuliwa. Walisikiliza kwa kimya kile kile, na Mzee Anatory safari hii alikuwa amekaa.

Jumapili Mzee Nduwayo alipiga inanga ukumbi umefurika, wengine wamesimama nje madirishani, na mtu aliyebanwa na kikohozi alitoka mwenyewe bila kufukuzwa. Kwa Privatus ng'ambo ya barabara walipunguza sauti ya mpira, maana nao walitaka kusikia.

Jumatatu asubuhi Domisiana alikuwa anafagia huku anaimba. Mlango ukafunguliwa. Mzee Anatory aliingia amekunja uso, na huko nje zilisikika sauti za watu wanashusha mzigo. Wimbo ukamfia mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu anaishi Mwanza. Jumamosi alikuwemo kwenye ule ukumbi wao. Jana amenipigia simu." Mzee akaegemea fimbo. "Anasema mjane alikatwa panga akafa pale pale. Anasema ule mstari wa mwisho ni desturi yao ya kuaga watu."

Domisiana akaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Nadhani ni kweli, baba. Hata mimi nilihisi atakufa."

"Sasa yale uliyotusimulia uliyatoa wapi?"

"Kwa mama yangu. Kirushya. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Mzee akaliangalia shuka jeupe, akaliangalia lile eneo la sakafu alipokuwa amekaa Domisiana siku ile.

"Na shamba, huyo mama lilimbakia?"

"Lilimbakia, baba. Alifariki kwa uzee, kitandani kwake. Amezikwa humo humo, kwenye migomba yake."

Mzee Anatory akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu kikatosha.

"Basi hao wa Mwanza ndio waliokosea," alisema. Akageukia mlangoni akawaita wale watu wa nje. "Yaleteni ndani hayo mabenchi! Jumamosi watu hawakupata pa kukaa."