Kitako Kilichopimwa Juu ya Koti

Mimi sikusoma. Niliishia primeri ya tatu, kwa sababu papa, baba yetu, aliuza shamba ili kaka yangu mkubwa aendelee na shule, na shamba la pili hatukuwa nalo. Mikono hii ndiyo iliyonilisha. Hapa Birere, mutu akitaka kitako cha bunduki yake ya kuwindia kimkae mwilini, wanamleta kwangu.

Kazi yenyewe ni hii. Mwindaji anafumba macho, anapandisha bunduki begani, kisha anafumbua. Akijikuta anatazama sawasawa juu ya mtutu, kitako ni chake. Akilazimika kuvuta shingo, narudi kwenye randa. Lakini kabla ya yote anavua koti. Koti nene linakula vidole viwili vya urefu, na porini hakuna anayekimbiza nguruwe amevaa koti.

Kitako cha bunduki ya papa, aliyoirithi mkubwa wangu, kilipasuka, nikachonga kingine cha mti wa libuyu. Mkubwa wangu akashuka kutoka Kibati kuja kupimwa, akipitia kwenye posa ya jirani, maana yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo na watu walimwazima awasemee. Nikamwambia, yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, vua koti. Akakataa. Nikarudia. Wateja wawili walikuwa wamekaa pale wakisikiliza.

"Mimi siko mugonjwa, na wewe hauko dokta," akasema. "Pima, fundi wa vitanda."

Mmoja akacheka. Nilijua kitakuwa kifupi. Ningeweza kuacha ziada, nisiseme kitu. Nikapima juu ya koti, nikakata.

Wiki haikuisha. Nguruwe waliingia katika maharagi yake, akatoka na shati tu. Bunduki ikapiga teke, ngumi yake mwenyewe ikamrudia mdomoni, meno mawili ya mbele yakaenda. Mke wake ndiye aliyenieleza, bila kunilaumu, kwa nini hakuvua koti siku ile. Shati la ndani ya koti lilikuwa limebaki kola na kifua. Mgongo aliukata yeye mwenyewe, mke, akaufanya viraka vya nguo za watoto. Msomi wa nyumba yetu. Mimi nilikuwa na mashati sita.

Wakwe walipokuja kwa ajili ya binti yangu, nilimwekea yaya kiti cha msemaji. Akaziba mdomo kwa kiganja, akaniambia polepole:

"Sema wewe, mudogo. Wewe uko na meno."

Nikasema. Kifaransa sina, nilisema kama ninavyopiga msumari, na wakwe wakaridhika. Tangu hapo ukoo unaniita mimi, na ninakwenda.

Yeye hajui kwamba nilikata nikijua. Anasema bunduki ya zamani ina hasira. Mwaka huu, mbele ya watu, alinisifu kwamba kitako nilikichonga vizuri, ni yeye aliyeshika vibaya. Wakanipigia makofi. Sifa nikazipokea.