Springi Mbili za Makochi ya Harusi

Gundi ya baba yangu ilinuka kama kwato za ng'ombe zilizoungua. Aliichemsha ndani ya kopo, kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji, na mvuke wake uliingia kwenye nywele, kwenye kanga, mpaka kwenye wali. Wageni waliokuja Keko kununua vitanda waliziba pua. Mie niliipenda. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitu kinachounguaungua nakiona kibanda chetu, maranda ya mninga yamefunika miguu hadi vifundoni, na baba kabana misumari midomoni kama anakula mbegu za maboga. Shule niliishia la nne, sioni haya kusema, lakini kwenye kibanda kile nilisoma. Nilijua ubao uliokauka kwa kuugonga tu kwa kidole. Nilijua droo inayokwama inapakwa sabuni ya kufulia. Na nilijua kwamba watoto wote wa mtaa walinipenda, kwa sababu mie ndiye niliyewagawia vipande vya mbao vya kuchezea.

Kisha jirani yetu Mwanahawa akaniharibia. Tulikuwa na miaka kumi hivi, wote wawili, na kilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. Baba yake alikuwa akibeba mizigo kiwanja cha ndege, na siku moja akarudi na nusu ya usukani wa ndege iliyokufa. Nusu tu! Mweusi, umevunjika katikati, ile aina yenye pembe, si duara kama wa gari. Mwanahawa aliufunga kwa kamba kwenye nguzo ya uani kwao, akafudikiza ndoo akaikalia, na watoto wa Keko nzima wakapanga foleni wawe abiria. Mie nikabaki na mbao zangu na kopo la gundi. Wivu ule haukukaa moyoni, ulikaa tumboni. Sikuweza kumaliza sahani. Nikimwona Mwanahawa anaenda kuoga, natamani maji yamwishie na sabuni machoni.

Nikaamua kutengeneza wangu, tena mzima. Nilichukua droo ya meza ya kioo cha kujitazamia iliyokataliwa na mteja, pamoja na kasha lake. Mbele ya droo nikatoboa tundu kwa kekee, nikapitisha mpini wa fagio, na kwenye mpini nikapigilia mkono wa kiti uliopinda kama pembe. Pande mbili nikafunga vipande vya tyubu ya baiskeli, ili ukikata kulia kisha ukauachia, urudi katikati wenyewe. Reli za droo nikazipaka sabuni. Usukani ukawa unavutika, unasukumika, unakata kushoto na kulia, ilhali ule wa Mwanahawa ulikuwa umefungwa nguzoni kama mbuzi. Kasoro ilikuwa moja: droo ukiisukuma ilibaki hukohuko ndani. Nilitaka irudi yenyewe. Na kibandani yalikuwapo makochi ya harusi, yamebakiza kuvalishwa kitambaa. Nikalipindua moja, nikafumua gunia la chini, nikang'oa springi mbili, nikalishona tena kwa sindano ya magunia. Uzi wa baba sikuuona, basi nikafumua pindo la sketi yangu ya shule, ule uzi wa bluu nikaukunja mara nne. Kasha nikalificha uani, na baba uani hakuwa na shughuli napo. Alikuwa ama kibandani, ama Buguruni akisaka mbao.

Watoto walihama siku hiyohiyo. Foleni ilianzia mlango wa uani ikafika kwa muuza mkaa. Mwanahawa naye akaja, kashika kiuno.

"Hiyo ndege au kabati la nguo?" akauliza kwa sauti. "Mbona sioni magagulo?"

Watu wakacheka. Nikamwambia akae kwanza, tuone kama atacheka tena. Akakaa. Akaivuta droo kifuani, akaegemea nyuma, akafumba macho. "Tunapaa," akasema.

Nikamwambia kakosea, kupaa unasukuma, utapaaje kwa kurudi nyuma?

"We Tatu, ukivuta ndiyo inapanda. Baba kawauliza marubani wenyewe."

"Baba yako anabeba mabegi!"

Nilisema hivyo mbele ya wote. Akashuka akaenda zake. Na kilichoniuma ni kwamba waliobaki, kila aliyekaa, alivuta.

Siku ya tatu baada ya harusi mkokoteni ukarudisha kochi. Shangazi wa bwana harusi, mama mwenye mwili wake, alilikalia akazama mpaka magoti yakagusa kidevu, mbele ya wakwe. Baba akalipindua, akauvuta ule mshono kwa ukucha. "Huu uzi si wangu," akasema. Mie huyo, nimeshajitwisha kasha, nimetokea mlango wa uani naelekea kwa Mwanahawa. Nikamwambia, "Chukua, nimekupa. Wewe ndiye rubani." Alinikumbatia. Alinikumbatia akarukaruka, akaniomba msamaha kwa yale magagulo. Nikarudi nyumbani, na baba aliponiuliza kama najua habari za springi, nikasema, "Mwanahawa ndiye mtu wa ndege, baba." Wakazikuta kwake. Mama yake alimchapa kwa mwiko hadharani, kisha akaifungua ile nusu ya usukani wa kweli pale nguzoni, akaitumbukiza chooni. Watoto walioyajua yote walinyamaza. Kwetu mtoto hakupeleka maneno kwa wakubwa. Mwanahawa alilia bila kunitaja. Alinitazama mara moja tu.

Sasa nina mjukuu, Rehema, binti wa binti yangu, ninayemwita mke mwenzangu kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Mke mwenza huyu kanipita. Katengeneza usukani wa ndege barazani kwangu, wa kuchezea gemu: bomba la maji la plastiki, vile vinobu vya kuzungushia sauti vya redio mbovu vinavyoiambia kompyuta umekata wapi, na kiti chake mbele ya kioo cha kompyuta, kama mashine za kwenye mabanda ya gemu. Springi alikwenda Keko akaomba, fundi akampa, tena na soda juu. Akaomba! Roho iliniuma. Nikamwambia kwamba rubani wa kwanza Keko nzima alikuwa bibi yake, na habari za kochi nikaziruka. Akanikalisha. Nikasukuma. Ndege ikaangukia shamba la watu kiooni.

"Bibi, vuta!"

"Kwani kupaa si kusukuma?"

"Kusukuma ni kushuka, bibi."

Zaidi ya miaka hamsini nimekuwa na uhakika na jambo moja, nikaja kukosolewa na bomba la maji.

Jumapili iliyofuata Mwanahawa akaja kututembelea kutoka Kimara, alikoolewa. Hatujawahi kuachana, tumezikiana wazazi, tumepikiana kwenye harusi za watoto, na lile kochi hatujalitaja hata siku moja. Rehema akamwamkia, akamkalisha kwenye kiti. Mwanahawa akafuta miwani, akaushika usukani, akavuta. Ndege ikapaa. Mara ya kwanza tu, na goti lake bovu! Wivu ukanirudia tumboni palepale, haujazeeka hata kidogo.

"Bibi Mwanahawa, umejuaje?"

"Bibi yako alinipa usukani wake tulipokuwa wadogo. Zawadi. Aliutengeneza mwenyewe, mzuri kuliko huu."

Rehema akanigeukia, macho yamemjaa sifa. Ningenyamaza zingekuwa zangu zote: fundi, rubani, na mwenye mkono wa kutoa. Nilizitaka, nisiseme uongo. Lakini yule mwanamke hata kwa wema alikuwa kanishinda, tena kwangu, barazani kwangu, na hilo sikuliweza.

"Sikumpa," nikasema. "Nilimtupia kesi." Nikaeleza yote, springi, uzi, mwiko, choo.

"Duh, bibi," akasema Rehema.

Mwanahawa hakuondoa macho kwenye kioo. "Nilijua siku ileile," akasema. "Ulikuwa unatembea na sketi pindo linaning'inia. Sasa ninyamazieni nyote, natua."

Zamani foleni ilianzia kwangu, na wa kukaa nilimchagua mie. Siku hizi kiti ni kimoja, barazani kwangu mwenyewe, na aliyekikalia hana dalili ya kushuka. Nikatandika mkeka nyuma yake, nikakaa kusubiri zamu yangu.